FEniCS: mpaka wa kazi uliochorwa na hesabu

Mhandisi anayetaka kujua joto linavyosambaa katika bamba la chuma, au maji yanavyopita ndani ya bomba, huangukia mikononi mwa milinganyo difrenshali ya sehemu, ile inayofuatilia badiliko kwa nafasi, na mara nyingi kwa wakati pia. Mingi haitatuliki kwa kalamu. Umbo hukatwa vipande vidogo, jibu likakadiriwa katika kila kipande, kisha vyote vikaunganishwa kuwa mfumo mkubwa wa milinganyo ya kawaida ambao kompyuta inaumudu.

Shida ilikuwa kwamba tatizo jipya mara nyingi lilidai programu mpya, iliyoandikwa kwa mkono mstari kwa mstari. Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzao wa Chalmers, Sweden, walianzisha mradi wa FEniCS ili mashine yenyewe iiandike. Kituo cha utafiti cha Simula, Oslo, na Chuo Kikuu cha Cambridge vilijiunga baadaye.

Ushirikiano wa mabara mawili kwa kawaida hukwama kwenye swali la nani afanye nini. Hapa jibu lilitolewa na hesabu yenyewe. Mtumiaji anaandika kile wanahisabati wanachokiita umbo dhaifu: mlinganyo umezidishwa kwa fanksheni ya majaribio, kisha ukaintegretiwa juu ya eneo zima. Katika lugha ya mradi, UFL, mstari huo unakaribia kufanana na ulivyo kitabuni. Programu nyingine inausoma na kuzalisha msimbo wa kasi. Nyingine inashughulikia wavu wa vipande. Kutatua mfumo wa mwisho huachiwa maktaba kama PETSc, iliyotengenezwa katika maabara ya Argonne, Marekani. Aliye Oslo haombi ruhusa ya aliye Chicago, alimradi wote wanaheshimu umbo dhaifu lile lile.

Mgao huo ulizaa hata yasiyopangwa. Kwa kuwa tatizo limehifadhiwa kama hesabu, mashine inaweza kuunda yenyewe milinganyo ya kupima jinsi jibu linavyoathiriwa na kila kigezo. Hiyo ndiyo kazi ya programu ya dolfin-adjoint, ya watafiti wa Uingereza na Norway, iliyopata Tuzo ya Wilkinson mwaka 2015. Programu ya Firedrake ya Imperial College, London, nayo iliichukua UFL ikajijengea injini yake.

Urahisi huu una bei, na waumini wa mradi hawaisemi kwa sauti ya kutosha. Katika mtiririko mzito wa majimaji, ukichagua vipande vya daraja (kipeo cha juu cha polinomia ndani ya kipande) lile lile kwa ajili ya kasi na shinikizo, programu inaweza kukubali bila kunung'unika, huku shinikizo likitoka madoa-madoa kama ubao wa drafti. Dawa yake, vipande vya Taylor na Hood, inajulikana tangu 1973, lakini lazima mtumiaji aijue mwenyewe.

Kwa hiyo unayeanza, anza na mlinganyo wa Poisson kwenye mraba, kwa swali ambalo jibu lake unalo tayari. Punguza upana wa vipande kwa nusu. Kwa vipande vya daraja la kwanza, kosa la wastani linapaswa kushuka hadi karibu robo. Lisiposhuka, usiendelee na bomba.