Maandiko Matakatifu na gitari za umeme
Juu ya diski «The Byrds' Greatest Hits»

Pengine mmoja wenu atauliza: gazeti la seminari lina shauri gani na diski ya vijana wa Marekani? Lina shauri kubwa. Katika diski hii mna sehemu nzima ya Maandiko Matakatifu, nayo imeimbwa na watu wengi wasiofungua Biblia hata mara moja kwa mwaka.

The Byrds walikuwa vijana watano wa Los Angeles, walioanza kuimba pamoja mwaka 1964. Walichukua nyimbo za namna ile mtu anayoimba peke yake na gitari moja, wakazitia ngoma na gitari za umeme. Roger McGuinn alipiga gitari ya nyuzi 12, nayo inalia kama kengele nyingi ndogo. Mwaka 1967 kompani yao, Columbia, ilichagua nyimbo 11 katika diski zao nne za kwanza, ikazikusanya katika hii moja.

Mkusanyo wa namna hii kwa kawaida ni kazi ya biashara: kilichouzwa jana kiuzwe tena. Lakini hapa mpango wa nyimbo una maana. Nne zimetungwa na Bob Dylan. Mbili zilipewa sauti na Pete Seeger, nazo zimewekwa zikifuatana, ya tatu na ya nne. Hizo ndizo moyo wa diski.

«The Bells of Rhymney» ni shairi la Idris Davies, aliyekuwa mchimba makaa huko Wales. Ndani yake kengele za miji zinaulizana na kujibizana juu ya taabu ya wachimbaji. Mtu wa Kolwezi au Likasi hahitaji kuelezwa jambo hilo. Lakini kosa lake nalitaja: sauti za vijana hawa ni tamu mno. Shairi lina hasira. Wao wanaliimba kama wimbo wa Noeli. Asiyejua Kiingereza atadhani watu wale wanashangilia.

Kisha inakuja «Turn! Turn! Turn!». Maneno yake karibu yote yametoka katika kitabu cha Mhubiri, sura ya 3, aya 1 mpaka 8, panapohesabiwa nyakati za maisha ya mtu. Seeger aliyapanga upya, akatia kiitikio, na mwishoni akaongeza neno lake mwenyewe, kwamba saa ya amani haijapita. Desemba 1965, mwaka ule Marekani ilipopeleka askari wengi Vietnam, wimbo huu ulishika nafasi ya kwanza katika nchi ile.

Siku moja niliupiga mbele ya makatekista, nikawaeleza maneno. Mzee mmoja alinyamaza kitambo, kisha akasema: «Padri, maneno ni mazuri. Lakini Mungu iko wapi?» Nilitaka kumjibu mara moja kwamba hii ni Biblia yenyewe. Nikafungua kitabu, nikaona kwamba kweli aya zile nane hazitaji jina la Mungu. Linakuja mbele kidogo, katika aya ya 10 na zinazofuata. Huko Mhubiri anafundisha kwamba nyakati zote zimo mikononi mwa Mungu, na akili ya mtu haiwezi kuzipima.

Basi wimbo umesimama mlangoni. Mhubiri anashusha kiburi cha mtu. Seeger anamwamsha mtu achague amani. Mhubiri anataja vita na amani pamoja, wala hachagui. Simhukumu Seeger. Sisi nasi, katika mahubiri, tunaongeza maneno yetu, na mara nyingi si mazuri kama yake. Lakini ni lazima msikilizaji ajue lipi ni neno la Maandiko na lipi ni la mtu.

Upande wa pili wa diski ni dhaifu zaidi. «Mr. Spaceman» ni mchezo tu. «Eight Miles High» una ustadi mkubwa wa gitari, lakini mwaka 1966 redio nyingine ziliukataa kwa shaka ya madawa ya kulevya. «So You Want to Be a Rock 'n' Roll Star» unawacheka wanaotafuta sifa. Ningependa waimbaji fulani wa kwaya zetu wausikie!

Sisi tuna mfano wetu. Mwaka 1958, huko Kamina, pamoja na Padri Guido Haazen, Mfransisko, iliimbwa Missa Luba. Sauti zilikuwa za kwetu, na maneno yalikuwa ya Misa, toka Kyrie hata Agnus Dei. Mwaka 1963 Mtaguso ukaagiza muziki wa mataifa uheshimiwe katika ibada.

Kwa hiyo, vijana wa seminari, shikeni gitari, wala msiogope. Lakini mkiimba sura ya 3 ya Mhubiri, msisimame katika aya ya 8. Yule mzee bado anangoja jibu.