Uzito wa Mkono: Masaji Ilivyopimwa Kwenye Moyo

Kwamba masaji hutuliza moyo ni jambo linalosemwa kila siku, lakini wachache huuliza kinachotuliza ni nini. Anayekandwa amelala, amefumba macho, chumba kimya, simu iko mbali. Hayo peke yake yanatosha kupunguza kasi ya mapigo. Utajuaje kama kazi imefanywa na mikono au na kitanda?

Miguel Diego na Tiffany Field wa Chuo Kikuu cha Miami, Marekani, walilijibu swali hilo mwaka 2009 kwa mpango ninaoupenda kwa usahili wake. Walichukua watu wazima 20 wenye afya, wakawagawa kwa kura katika makundi mawili. Makundi yote yalikandwa: moja kwa mgandamizo wa wastani, jingine kwa mkono mwepesi. Kulala ni kulekule, kuguswa ni kulekule. Kilichobaki kuwatofautisha ni uzito wa mkono.

Umeme wa moyo ulirekodiwa kabla ya masaji, wakati wa masaji na baada yake. Kilichochunguzwa zaidi ni jinsi muda kati ya pigo na pigo unavyobadilika. Jipime mwenyewe: shika kifundo cha mkono, vuta pumzi taratibu, kisha itoe. Ukivuta, mapigo huongeza mwendo kidogo, ukitoa, hupungua. Anayeshika breki hapo ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi moyoni. Mabadiliko hayo yanayofuata pumzi huonekana kwenye masafa ya hezi 0.15 hadi 0.40, na yakiongezeka huchukuliwa kuwa dalili kwamba vagasi inafanya kazi zaidi.

Waliokandwa kwa mgandamizo wa wastani walionyesha ongezeko hilo, nalo lilifika kilele katika nusu ya kwanza ya masaji. Waliokandwa kwa mkono mwepesi walikwenda kinyume kabisa: dalili za vagasi zilipungua, mwili ukaelekea kwenye hali ya kuchangamka. Field anaeleza kwamba vipokezi vya mgandamizo vilivyo chini ya ngozi ndivyo vinavyopeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo huiamsha vagasi. Kupapasa juu juu hakuvifikii.

Je, basi kadiri mkono unavyozidi kuwa mzito ndivyo moyo unavyonufaika? Hapana. Mwaka 2006 Jerrilyn Cambron na wenzake waliwapima presha wateja 150 kabla na baada ya masaji. Kwa wastani namba ya juu ya presha ilishuka kwa 1.8 tu, na anayeishia kwenye wastani huo atasema masaji haina kitu. Ukitenganisha aina za masaji, picha inabadilika: masaji ya Kiswidi, yenye miondoko mirefu na ya kukandakanda, ndiyo iliyoshusha presha zaidi, ilhali ile ya wanamichezo na ile ya kubonyeza vifundo vya maumivu ziliambatana na kupanda kwa namba ya juu. Maumivu huamsha mwili, na mwili ulioamka hubana mishipa ya damu.

Tusiyapandishe matokeo haya juu kuliko yalivyo. Watu 20 wenye afya ni wachache, na rekodi ya kipindi kimoja cha masaji haisemi lolote kuhusu nani atapata mshtuko wa moyo miaka kumi baadaye. Mwenye presha asiache vidonge vyake kwa sababu amepata mkandaji hodari. Namba iliyoshuka leo kitandani inaweza kurudi juu kesho.

Ukienda kukandwa, mwambie mkandaji mapema kama una presha au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mara tu mgandamizo unapokuumiza, sema. Mbele ya shingo, panapodunda mshipa mkubwa, pasibonyezwe, kwani hapo mapigo na presha vinaweza kuanguka ghafla. Na mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa na joto, usikandwe kabisa: huenda kuna bonge la damu linaloweza kung'oka na kukimbilia kwenye mapafu. Huo ni mguu wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.