Yai si Shamba: Uhakiki wa Istilahi za Mwanzo wa Kiumbe

Wafasiri wetu wa elimuviumbe wana desturi ya kuiita DNA ‘ramani ya mwili’. Tamathali hiyo yenyewe haina dhambi kubwa. Lakini inapoandamana na ‘mbegu’ kwa gameti ya kiume, na ‘kurutubisha’ kwa kitendo cha gameti hiyo kuungana na yai, mwanafunzi hujengewa picha ya uongo. Mbegu hupandwa, kinachorutubishwa kwa samadi ni udongo. Basi yai limekuwa shamba, hali punje ya mahindi ina kiinitete ndani yake tayari na gameti ya kiume haina.

Ukweli wa mambo ni mwingine. Tumtazame nzi wa matunda, ambaye kiinitete chake kimechunguzwa kuliko cha wadudu wengi. Kabla yai halijatagwa, mama huweka upande wa mbele wa yai hilo RNA ya jeni iitwayo bicoid. Protini itokanayo nayo huwa nyingi mbele, na hupungua kadiri ya kwenda nyuma. Kwa kipimo hicho jeni za kiinitete hujua wapi pawe kichwa na wapi pawe kifua. Mama akikosa jeni hiyo iliyo nzima, mtoto hukosa kichwa na kifua, hata kama amerithi jeni nzima kutoka kwa baba. Lakini mnamo mwaka 1986 ilionyeshwa kwamba saitoplazimu ya upande wa mbele wa yai zima, ikidungwa katika yai lenye kasoro, huweza kurekebisha kilema hicho.

Mfano wa chura unafundisha upande wa pili. Mwaka 1962 John Gurdon alieleza jinsi alivyotoa kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi na kukitia katika yai ambalo kiini chake kiliharibiwa kwa mionzi. Machache kati ya mayai hayo yalikua yakawa viluwiluwi. DNA iliyokuwa ikitumikia utumbo ililazimishwa na yai kuanza upya. Kwa hiyo ‘ramani’ isiyo na msomaji haijengi kitu, na msomaji huyo naye ameandaliwa kwa DNA ya mama. Si haki kumtukuza mmoja na kumsahau mwenziwe.

Hapa ndipo neno ‘kiini’ linapotutia mashakani. Mwalimu asemapo ‘kiini cha yai’, darasa zima huona ile sehemu ya manjano ya yai la kuku, ambayo ni chakula. Mwalimu alikusudia makao ya DNA. Nimepata kusahihisha tafsiri moja ambamo maana hizo mbili zilikutana katika aya moja, na mfasiri mwenyewe hakugundua. Napendekeza ‘nyukliasi’ itumike kila yai linapotajwa, na ‘kiini’ kiachiwe wapishi na wafuga kuku.

‘Kurutubisha’ nako kuachiwe wakulima. Tunalo neno ‘utungisho’, lililotokana na kutunga mimba, nalo halimfanyi yeyote kuwa udongo.

Kuhusu ‘vinasaba’, watumishi wa serikali wamelizoea kwa sababu ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 ya Tanzania, na katika mashauri ya nani baba wa mtoto linatosha kabisa. Katika darasa la biolojia halitoshi: nasaba hueleza mtu ametoka kwa nani, haielezi DNA inafanya kazi gani siku ya kwanza ya uhai. Huko tuseme DNA na jeni.

Limebaki jambo moja lisilo na jina: vile vitu ambavyo mama huvitanguliza ndani ya yai ili viongoze ukuaji. ‘Akiba’ huelekea mno kwenye chakula. Mimi ningechagua ‘amana ya yai’, na mwenye neno bora alilete.