Kulikagua Tembe: Mwongozo kwa Anayepita Ihanja

Mgeni anayefika Ihanja, wilayani Ikungi, husifu kwanza ukuta wa tembe uliosiribwa ukang'aa. Ukuta ni wa mwisho kukaguliwa. Anza na paa.

Paa la tembe ni bapa: boriti, juu yake fito zilizobanana, kisha nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa. Udongo wa unene wa sentimita 15 tu huweka zaidi ya kilo 200 juu ya kila mita moja ya mraba, na ukilowa uzito huongezeka. Ingia ndani, inua macho. Boriti iliyopinda katikati imeshalemewa. Fito zenye alama ya maji huonyesha paa lisilo na mteremko. Fundi hodari huliinamisha kidogo sana, kiasi cha kumwaga maji nje bila mvua kuuchukua udongo. Hapo ndipo ufundi wote ulipo, na mimi humpima fundi kwa mteremko huo kabla ya kitu kingine.

Kisha fuata nguzo. Katika tembe halisi, paa hukaa juu ya nguzo zenye panda, na ukuta huziba tu. Ukuta ukimomonyoka, nyumba husimama. Ndiyo maana nguzo ichaguliwe katika mti ambao mchwa hawautaki, kama kiini cha mpingo. Gonga chini, usawa wa ardhi. Sauti ya uwazi ni habari mbaya.

Nyumba hizi zilikuwa ngome pia. Kuanzia Ugogo hadi Unyaturu, ng'ombe walilala ndani ya ua uliozungukwa na vyumba, kwani uvamizi wa mifugo ulikuwa hofu ya kweli, na paa la udongo halishiki moto haraka kama nyasi. Huko Tabora, ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe ilistahimili mashambulizi ya Wajerumani mwaka 1892, na haikuangushwa hadi Januari 1893. Kwa hiyo hesabu milango. Ua wenye mlango mmoja mkuu, uliobana, ni wa mjenzi aliyekumbuka kazi yake.

Siku hizi wengi hujenga kwa matofali mabichi, na hapo ukuta ndio unaobeba. Chukua tofali moja, liachie kutoka usawa wa kiuno. Zuri huvunjika pembe tu, baya husambaratika. Likwaruze kwa msumari. Udongo wa kichuguu ukichanganywa na mchanga hutoa tofali gumu, mradi likaushwe polepole chini ya nyasi. Likianikwa juani siku ya kwanza, hupasuka.

Ukutani tazama chini, futi mbili za kwanza, ambako matone ya mvua huruka na kula udongo. Nyufa nyembamba za siribo si kitu. Ufa mpana unaopanda toka msingini hadi boriti ni sababu ya kuhama.

Nenda Machi, mvua ikiwa bado inanyesha, kwani kiangazi matembe yote huonekana mazima. Na ukikabidhiwa tembe la zamani ulikarabati, tafadhali usilipake saruji: huzuia unyevu kutoka, ukuta huoza ndani, kisha plasta hubanduka na udongo wake. Tumia udongo uleule, samadi na majivu, kila mwaka kabla ya mvua.