Pambo Haliondoi Uchafu

Kwa mama mdogo, pale Mkuu, Rombo, sabuni inapimwa kwa mambo mawili: itoe povu, isiishe upesi. Nilipomwonyesha kwenye simu picha za sabuni zenye mawimbi ya rangi, zile ambazo kila kipande kinafanana na jiwe la marumaru lililokatwa, alizitazama kwa adabu anayowawekea wageni, kisha akanirudishia simu. "Nzuri," akasema. "Lakini pambo haliondoi uchafu."

Nasoma shahada ya umahiri katika fasihi. Tangu sekondari nimefundishwa kuipasua kila kazi vipande viwili, fani huku na maudhui kule, na katika akili ya watahini wengi fani ni nguo tu ya maudhui. Maneno ya mama mdogo niliyasikia kama ya mwalimu wangu wa Kiswahili, tofauti ni glavu za mpira. Nilikubaliana naye pia, kwa kiasi fulani. Nilikwenda kujifunza mawimbi kwa sababu mteja mmoja wa Moshi, anayeuzia watalii, alikuwa amemwagiza mama mdogo sabuni za namna hiyo kwa bei ambayo majirani hawawezi kuilipa. Tuliyaona kama rangi ya mdomo: unapaka, unauza.

Kumbe hayapakwi. Sabuni hii hutengenezwa bila kuchemsha: mafuta ya nazi na ya mawese, kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye maji na kuachwa ipoe, halafu kukoroga. Mwanzoni mchanganyiko ni mwepesi kama chai ya maziwa. Baadaye unakuwa kama uji wa ulezi, na hapo ukiinua mwiko, tone linaloanguka linabaki juu kidogo kabla ya kuzama. Ukimimina rangi kabla ya hapo, zinaingiliana na kuwa tope. Ukichelewa, hazitiririki tena, zinakaa mabonge mabonge kama ugali uliokosa maji. Wimbi linaishi katikati, kwa dakika chache. Unagawa uji kwenye majagi, unatia rangi, unamimina kwa zamu kwenye boksi la mbao, unapitisha waya wa henga ulionyooshwa mara mbili tatu, unaacha. Mara ya nne unaharibu. (Hii ya kujua kuacha ndiyo iliyonishinda muda mrefu zaidi, na wasimamizi wa tasnifu yangu hawatashangaa.)

Boksi langu la kwanza lilikufa mwikoni. Nilitaka harufu, nikatia mafuta ya karafuu, na karafuu huharakisha mchanganyiko kushika kuliko mikono yangu ilivyokuwa tayari. Kufumba na kufumbua nilikuwa nachokoa kitu kama udongo wa mfinyanzi. La pili nilitia rangi ya choya, nikiota wekundu wa juisi yake. Kostiki haina huruma na wekundu huo: ilipauka ikawa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Mkaa uliosagwa na kahawa ndizo zilizobaki na rangi zao. Mafuta ya maboksi yale mawili yalinunuliwa kwa fedha ya agizo la Moshi. Mama mdogo hakunigombeza. Alichukua kikunio, akaikuna ile iliyoganda iwe ya kufulia, na siku nzima hakuniita "mwanangu" hata mara moja.

Siku hizo za aibu ndipo nilipokumbuka niliyowahi kusoma kuhusu Marseille, mji wa Ufaransa uliosifika kwa sabuni kiasi kwamba mwaka 1688 amri ya mfalme ilikataza mafuta mengine yoyote isipokuwa ya zeituni. Sabuni yao moja ilikuwa na mishipa ya buluu na kijivu, kama marumaru. Mishipa ile ilitokana na chembe za madini ya chuma ndani ya sabuni yenyewe, nazo hubaki zimeelea pale tu maji yanapokuwa kwa kipimo. Mtengenezaji akiongeza maji ili kumwibia mnunuzi uzito, chembe zinazama chini na mishipa inatoweka. Kwa hiyo mnunuzi aliyechagua kipande chenye michirizi hakuwa anafuata urembo. Alikuwa anasoma. Bila shaka wajanja hawakuchelewa: baadaye walijifunza kutia rangi ya buluu na vijazio, wakapata mishipa juu ya sabuni yenye maji tele.

Nikirudi na hilo kichwani kwenye sabuni za mawimbi nilizoziona zikiuzwa Moshi, naweza kuzihukumu bila kusingizia ladha. Nyingi zina wimbi la juu tu, kama krimu ya keki. Kata kipande, ndani ni rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hizo mama mdogo amezimaliza kwa sentensi yake, sina la kuongeza. Lakini sikubali hukumu ya jumla kwamba hii ni "sanaa ya watalii" na basi. Neno hilo waliwahi kutupiwa pia wachoraji wa Tingatinga, na kilichosahaulika ni kwamba ule mng'ao wa rangi za mafuta kwenye mbao hauwezi kutenganishwa na jinsi picha zile zinavyosema. Mnunuzi kuwa mgeni hakutuambii bado kazi imefanywaje.

Wimbi lililopita katikati ya boksi linatuambia. Linaonyesha mkono ulimimina lini, kwa kasi gani, na kama uliogopa. Huwezi kulirekebisha baadaye. Huwezi hata kuliona, mpaka sabuni ishike na uikate.

Boksi la tatu tulilikata jioni ya kesho yake, mimi nimeshika ubao, yeye kisu. Mkaa, kahawa na nyeupe ya nazi. Vipande vya mwanzo vilitoka na mistari inayojikunja kama moshi wa jikoni asubuhi ya baridi. Nikaanza kutabasamu. Alipofika kati akasimama, akakigeuza kipande kwenye mwanga wa mlango, akakisogeza karibu na macho.

"Hapa ulisita," akasema.

Kweli nilikuwa nimesita. Mtu alipita nje akabisha hodi, nikainua jagi.

Akakata mpaka mwisho, akapanga vipande kwenye chekeche la mianzi vikakae wiki zake nne. Vile vya kati alivitenga pembeni, vya majirani, kwa bei ya kawaida. Vingine akavihesabu kwa ajili ya Moshi, akahesabu tena, kisha akaniambia nimpe simu aangalie zile picha.