Boliti Moja ya Katikati

Anayetafuta ngurumo ya dizeli Tlawi, huko Mbulu, asiende ziwani. Aende mashambani, wakati mvua zinakaribia na matrekta yaliyolala miezi kadhaa yanaamshwa. Miteremko mingi ya Mbulu bado ni ya jembe la ng'ombe, ila penye tambarare, na zaidi ukishuka Hanang kuelekea nchi ya ngano ya Basotu, kazi ni ya trekta. Katika yale makongwe, Massey Ferguson hazikosekani, na ndani yake mara nyingi mna injini ya Perkins, kampuni ya Peterborough, Uingereza, iliyonunuliwa na Massey Ferguson mwaka 1959.

Chujio la dizeli la injini hizo, lile la chapa ya CAV, halizungushwi lote kama filta ya oili ya siku hizi. Juu kuna kichwa cha chuma kilichofungwa kwenye injini, katikati kopo la bati lenye karatasi, chini bakuli la kukusanya maji na uchafu, na boliti moja ndefu inavipita vyote na kuvibana. Kila vinapokutana pana oringi. Perkins 4-108, ambayo hufungwa pia kwenye mashua, huvaa chujio la namna hiyohiyo. Tofauti ni kwamba baharini dizeli ikimwagika inaishia kwenye ngama, na fundi anafanya kazi amejikunja.

Chujio hugandamana kwa sababu za kibinadamu kabisa. Mtu aliona tone linavuja, akaongeza kukaza badala ya kubadilisha oringi. Mpira ukavimba, joto likauoka, vumbi likaziba kilichobaki. Anayefuata anakuta kitu kama kimechomelewa.

Fundi ninayemsifu huanza kwa kufunga koki ya tangi na kuosha kila kitu kwa brashi na dizeli. Watazamaji huona anapoteza muda. Lakini baada ya chujio, njia inakwenda moja kwa moja kwenye pampu na nozeli, ambako chembe ya mchanga ni hasara kubwa kuliko bei ya chujio. Kisha anavalisha boliti spana ringi. Ile ya mdomo wazi hula pembe za kichwa, na kichwa kikishalika umejiongezea kazi. Boliti ikigoma, haanzi kwa kuilegeza. Anaikaza kidogo sana, kutu inakatika, ndipo anairudisha. Ni mguso wa mkono tu, na sijui namna ya kuufundisha kwa maneno.

Boliti ikilegea, haitoi yote. Huacha nyuzi kadhaa zimeshika. Kopo limenata juu, bakuli limenata kwenye kopo, na vikiachia ghafla bakuli la kioo litaanguka kwenye mawe.

"Fundi, nilete nyundo?"

"Ya nini, dogo? Umegombana nalo?"

Anachukua kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, anakizungusha kwenye kopo karibu na kichwa, kwenye ukingo ambako bati haliminyiki kirahisi, halafu anasokota: huku kidogo, kule kidogo. Kuna mafundi wanaolitoboa kopo kwa bisibisi na kulizungusha kwa nguvu. Linatoka, sikatai, ila bati huchanika na oringi hubaki juu imeganda. Hata likitoka salama, yeye hupitisha kidole mfereji mzima wa oringi, maana oringi mpya juu ya kuukuu haiwezi kuziba.

Mpya anazipaka dizeli safi, anakaza boliti kwa kiasi, kisha anafungua koki ya tangi na kutoa upepo. Mkono wa pampu ndogo ya kuvuta dizeli ukikosa uzito, msaidizi asiyejua hudhani pampu imekufa. Kumbe kemu inayoisukuma imesimama pabaya, na injini ikizungushwa kidogo uzito unarudi. Anaanzia kwenye skrubu ya chujio mpaka mapovu yaishe, anahamia pampu ya nozeli, na nati za nozeli anaziacha mwisho. Silinda ya kwanza inagonga, ya pili inafuata, anakaza nati iliyobaki injini ikiwa inanguruma, kisha anamwita mwenye trekta waende pamoja kuangalia madumu anamohifadhia dizeli.