"Ghafla bin Vuu": Maana Iliyomezwa na Pambo

Mtu akisoma insha za wanafunzi wa Matete, kaskazini mwa Kakamega, hatapita kurasa nyingi kabla ya kukutana na "ghafla bin vuu". Msemo huu si wa Matete peke yake. Umeenea kote nchini Kenya, na ulipata nafasi kubwa katika insha za KCPE, mtihani ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho 2023. Walimu wengi huuhesabu kuwa pambo, na pambo lina alama zake. Kwa maoni yetu, pambo hili limeificha maana ya neno lenyewe.

"Ghafla" (au "ghafula") latokana na Kiarabu, ambako shina lake lahusu kutozingatia, kusahau, kutokuwa na habari. Nduguye "kughafilika" tungali naye. Kwa hiyo neno hili halipimi mwendo wa tukio. Lapima hali ya yule anayefikiwa nalo. Mzee aliyeugua miaka 3 akikata roho alfajiri, hatusemi amekufa ghafla, ingawa roho hutoka kwa nukta moja. Waliomuuguza walikuwa na habari. "Vuu" ni tanakali ya kitu kipitacho kwa kasi, nayo haijali kama mtu alikuwa macho au amelala. "Bin" ikayaunganisha mawili haya kwa mzaha, kama katika "maskini bin maskini", na kasi ikaimeza ghafla.

Ndipo tunapata sentensi za namna hii: "Tulimngoja mjomba tangu asubuhi. Ghafla bin vuu, akafika." Sarufi haina kosa, na wasahihishaji wengi (nami nimo) wameipitisha. Lakini anayengojewa hafiki ghafla, ila wenyeji wawe wamekwisha kukata tamaa au kusinzia. Na hilo ndilo mwandishi alilopaswa kutueleza.

Wako wanaolaumu lugha ya mama. Watoto wengi wa huku, wasemao Kitachoni au lahaja nyingine ya Kiluhya, hutamka "gafla"; basi yasemekana neno hawalijui. Lawama hiyo haina uzito. Mtoto huyohuyo, akisimulia nje ya darasa, husema mjomba "mwishowe akafika". Ni darasani anakopewa orodha ya misemo ya kukariri, na "ghafla bin vuu" huwa miongoni mwa ile ya kwanza.